Jenereta ya Pampu Hununuliwa kwa Ajili ya Sekunde ya Kwanza

Umeme ukikatika kwenye nyumba inayotegemea maji ya kisima, giza ndilo dogo. Taa ya betri inatosha kwa usiku mzima. Kinachoumiza ni maji. Yale yaliyobaki kwenye mabomba yanaisha, bomba linatoa hewa, na kuanzia hapo choo, kufua, vyombo, kumwogesha mtoto au kumsafisha mgonjwa, vyote vinasimama. Nimeishi miaka mingi kwenye nyumba ya namna hii na nimewasaidia ndugu na majirani kuchagua jenereta zao. Swali ninaloulizwa halibadiliki: pampu yangu ni ya hospawa moja, ninunue jenereta ya kilowati ngapi?

Jibu ambalo wengi wanalipata haraka ni hili: hospawa 1 ni wati 746, basi jenereta ya wati 1,000 itatosha na itabakisha. Hesabu hiyo inaonekana safi, lakini siku ya kuwasha pampu injini inalemewa, mota kule chini inavuma bila kuzunguka, na swichi ya ulinzi inajikata. Muuzaji anasema pampu ni mbovu, fundi wa pampu anasema jenereta ni mbovu. Mara nyingi vyote viwili ni vizima, ila havikupangwa kukutana.

Wati 746 ni nguvu inayotoka kwenye shafti ya mota, ule mhimili unaozungusha pampu. Ile inayoingia ni kubwa zaidi, kwa sababu mota ndogo za fezi moja, yaani za umeme wa kawaida wa nyumbani, hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto. Mota ya hospawa 1 kwa kawaida huvuta kati ya wati 1,100 na 1,300 ikiwa inafanya kazi yake kamili. Hapo jenereta ya wati 1,000 imeshashindwa kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni kuanza. Mota iliyosimama haina kitu cha kuuzuia umeme isipokuwa waya wake. Ikishaanza kuzunguka, mzunguko wenyewe huzalisha volti ya kupinga ile inayoingia, na mkondo unashuka. Kabla ya hapo, kwa sekunde moja au chini yake, mota huvuta mkondo mara 3 hadi 7 ya ule wa kawaida. Ni kama kusukuma gari lililozimika: ugumu wote uko kwenye hatua ya kwanza. Mtandao wa umeme hauusikii mvuto huo kwa sababu nyuma yake kuna mitambo mikubwa. Jenereta ya nyumbani inausikia wote peke yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jenereta ya pampu hainunuliwi kwa ajili ya saa inayofanya kazi, hununuliwa kwa ajili ya sekunde ya kwanza. Ukilishika hilo, maamuzi mengine yote yanajipanga.

Anza na pampu, usianze na duka

Kabla hujaangalia jenereta yoyote, nenda kasome kibati cha mota au cha boksi la kuwashia. Tafuta volti, hezi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), na mkondo kwa ampea. Kama pampu imezama ndani ya kisima na huwezi kukiona kibati chake, boksi la juu mara nyingi lina habari hizo, au mwite fundi umeme apime kwa klampu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma mkondo, pampu ikiwa inafanya kazi kwa umeme wa kawaida. Klampu mita zenye uwezo wa kunasa mkondo wa kuwashia zipo, na kipimo hicho kimoja kina thamani kuliko ushauri wa watu kumi wakiwemo wenye nia njema.

Uliza pia aina ya mota. Pampu nyingi za kisima kirefu zina boksi la juu lenye kapasita ya kuanzia, kifaa kinachoipa mota msukumo wa mwanzo. Hizo huanza kwa urahisi zaidi. Zile zinazoshuka na nyaya mbili tu pamoja na waya wa ardhi, bila boksi, kwa kawaida zinahitaji jenereta kubwa zaidi kwa hospawa ile ile, nusu yake ya ziada si kupita kiasi. Nimeona watu wawili wenye pampu za ukubwa mmoja na jenereta zinazofanana, mmoja anapata maji na mwingine hapati, na tofauti ilikuwa hapo.

Kwa makadirio ya kuanzia, pampu ya nusu hospawa natafutia jenereta yenye kilowati 2 za kuendelea. Hospawa 1, kilowati 3 hadi 4. Hospawa 1 na nusu, kilowati 5. Haya ni makadirio ya mtu asiyekuwa na kipimo mkononi. Ukiwa na jedwali la mtengenezaji wa mota yako, fuata lake uache langu.

Nimesema kilowati za kuendelea kwa makusudi. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye ganda la jenereta mara nyingi ni ile ya kilele, ambayo mashine inaweza kuishika kwa muda mfupi tu. Namba ya kazi imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibati, na ndiyo ya kuaminika. Angalia pia kama imetajwa kwa kVA au kW. Jenereta ya kVA 5 yenye kigezo cha nguvu cha 0.8 (namba unayozidisha kVA ili kupata kilowati) ni ya kilowati 4. Na kuna mtego mmoja unaowanasa hata watu makini: jenereta ya fezi tatu. Yenye kVA 6 ukiitumia kwa pampu ya fezi moja hukupa takriban kVA 2 tu, kwa sababu nguvu yake imegawanywa kwenye fezi tatu. Kwa nyumba yenye pampu ya fezi moja, nunua ya fezi moja.

Ukiishi sehemu ya mwinuko, ipunguze tena ile namba ya kazi, yaani chukua jenereta kubwa zaidi. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Jenereta inayotosha barabara pwani inaweza kushindwa mlimani, na hakuna aliyekosea kuitengeneza.

Waya mrefu unaiba nguvu ya kuanzia

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiruke, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua.

Nguvu ya mota ya kujizungusha inafuata mraba wa volti. Volti ikishuka hadi asilimia 80, nguvu ya kuanzia haibaki asilimia 80. Inabaki asilimia 64. Sasa fikiria pampu iliyo mita 100 za waya kutoka kwenye jenereta, ukijumlisha kina cha kisima na umbali wa uani. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 200 za shaba. Waya wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa takriban omu 7.4 kwa kilomita, na hivyo njia nzima ina karibu omu 1.5. Mota ikivuta ampea 30 wakati wa kuanza, waya peke yake unaweza kumeza volti 44 hivi. Kutoka volti 230, mota inaona 186. Nguvu yake ya kuanzia imeshuka kwa theluthi moja, na jenereta yenyewe bado hatujaihesabia mteremko wake.

Watu wanapoona hivyo hukimbilia jenereta kubwa zaidi. Inasaidia kidogo, lakini tatizo liko kwenye waya. Ukitumia wa milimita mraba 4, upotevu ule unashuka hadi volti 28 hivi. Ukisogeza jenereta karibu na kisima, pengine hutahitaji kubadilisha chochote. Na waya wa kuongezea, ule mwembamba uliofungwa kwenye gurudumu lake, usiutumie kabisa kwa pampu. Pamoja na kunyonya volti, hupata moto ukiwa umezungushwa, na plastiki yake huyeyuka.

Hezi nazo zina maana kuliko watu wanavyodhani. Jenereta nyingi ndogo za hezi 50 huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na mzigo ukizidi mzunguko unashuka. Pampu ya kawaida ya kisima ikipungua kasi kwa asilimia 10, urefu inaoweza kupandisha maji unapungua kwa karibu asilimia 19. Kwenye kisima kifupi hutaona kitu. Kwenye kisima kirefu ambako pampu ilichaguliwa kwa kipimo cha karibu karibu, mota itazunguka, ampea zitasoma, na juu hakutatoka tone. Kinyume chake ni hatari zaidi: jenereta iliyotumika, iliyotoka kwenye nchi ya hezi 60, ukiifunga kwenye pampu ya hezi 50 huizungusha kasi kupita kiasi, na mzigo wa mota unapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Pampu haitadumu. Soma kibati.

Inveta au ya kawaida?

Jenereta za inveta ni nzuri. Ni kimya, ni nyepesi, hutumia mafuta kidogo mzigo ukiwa mdogo, na umeme wake ni laini kwa vifaa vya elektroniki. Kwa kompyuta na friji ningechukua hiyo bila kusita. Kwa pampu ya kisima mkono wangu unakuwa mzito, kwa sababu ndani yake umeme unapita kwanza kwenye sakiti ya elektroniki inayojilinda: mkondo ukizidi kiwango, inajizima papo hapo. Jenereta ya kawaida yenye alteneta (sehemu inayozalisha umeme) nzito ya shaba na kirekebishi cha volti, ile AVR, hulemewa, sauti yake inabadilika, volti inayumba, lakini inaendelea kusukuma mpaka mota ianze. Kwa kazi hii nathamini uvumilivu huo kuliko ukimya.

Hali inageuka kabisa kama pampu yako ina kidhibiti cha kasi, yaani kile kinachoianzisha polepole na kuongeza mzunguko taratibu. Pampu ya namna hiyo haina ule mvuto mkubwa wa mwanzo, na jenereta ndogo zaidi inaweza kuiendesha. Lakini kidhibiti hicho ni cha elektroniki na hakipendi umeme mchafu, kwa hiyo hapo inveta inapata nafasi yake.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Kwa nyumba inayotumia jenereta mara moja moja, petroli inatosha. Dizeli ni ya mtu anayeiendesha saa nyingi kwa mzigo mkubwa. Ukiitumia dizeli kubwa kwa pampu ndogo tu, mafuta yasiyoungua vizuri hujikusanya ndani ya injini na bomba la moshi. Gesi haichakai kwenye mtungi, na hilo ni jambo zuri sana kwa kifaa cha dharura, ila inapunguza nguvu ya injini kidogo, kwa hiyo ongeza ukubwa.

Tangi ndilo linalopunguza mzigo

Ninapowaambia watu sehemu hii huona kama ninatoka nje ya mada. Siko nje.

Nyumba haihitaji pampu inayofanya kazi siku nzima. Inahitaji maji siku nzima. Kupandisha lita 1,000 kutoka kina cha mita 40, kwa pampu ya hospawa 1 ya kawaida, ni kazi ya kama dakika 20. Ukiongeza kina hadi mita 80, ni kama dakika 40. Petroli inayoteketea kwa kazi hiyo ni chini ya lita moja. Familia ikiwa na tangi la lita 1,000 au 2,000 lililoinuliwa, jenereta inawashwa asubuhi, inajaza, inazimwa, na nyumba inarudi kwenye utulivu wake. Bila tangi, kila mtu anayefungua bomba anaiwasha pampu, na jenereta lazima ingurume kutwa ikisubiri.

Mfumo wa swichi ya presha, ile inayoiwasha pampu presha ya bomba ikishuka, bila tangi kubwa ni mgumu kwa jenereta kwa sababu nyingine pia. Pampu huwaka na kuzima mara kwa mara, na kila kuwaka ni ile sekunde ya kwanza tena. Mota inapata joto, kapasita zinachoka, jenereta inapigwa kumbo. Tukitumia jenereta, ni afadhali pampu iwashwe mara moja na iende mfululizo hadi tangi lijae, floti, swichi inayoelea ndani ya tangi, ikikata yenyewe juu.

Kila mita 10 za mwinuko wa tangi hukupa presha ya takriban bar 1. Tangi lililo mita 5 juu litatoa maji ya kunawa na kupikia bila shida, na bafu litakuwa la taratibu. Kama unataka presha zaidi, weka pampu ndogo ya kusukuma baada ya tangi. Hiyo ni ya wati mia chache, na mfumo wa kawaida wa betri na inveta wa nyumbani unaweza kuibeba. Hapo umeigawa kazi: pampu nzito inafanya kazi dakika chache kwa siku, nyepesi inahudumia nyumba. Kumbuka tu kwamba lita 1,000 ni tani moja. Mnara wa tangi ujengwe na mtu anayejua, usipachike tangi juu ya dari kwa matumaini.

Kwa maoni yangu, mwenye fedha za kitu kimoja tu kati ya jenereta kubwa na tangi zuri, anunue tangi kwanza. Katizo la siku moja tangi litalibeba lenyewe.

Kuwasha, kuzima, na usalama

Utaratibu ni huu. Washa jenereta pampu ikiwa imezimwa. Iache ipate joto dakika chache. Washa pampu kwanza, kabla ya friji na taa na kitu kingine chochote, ili nguvu yote ya sekunde ile iwe yake. Ikishatulia, ongeza vingine. Wakati wa kuzima, geuza: zima pampu, halafu jenereta.

Kuzima jenereta pampu ikiwa bado inazunguka, au kuiacha iishiwe mafuta, kunaidhuru pampu ya kisima. Beringi ya chini ya mota hizo inalainishwa na utando mwembamba wa maji ambao unakaa mahali pake kwa sababu ya mwendo. Jenereta ikipungua kasi taratibu, hezi zinashuka, mota inazunguka polepole chini ya mzigo, utando unakatika na vyuma vinasagana. Kuivuta pampu kutoka kisimani kwa ajili ya beringi ni kazi ya siku na ya watu kadhaa. Angalia kiwango cha mafuta kabla ya kuwasha.

Halafu swichi ya kubadilishia, chenjiova. Ifungwe na fundi umeme mwenye leseni, yenye nafasi tatu: umeme wa mtandao, kati kati hakuna, jenereta. Sitakubaliana na yeyote anayetumia waya wenye plagi pande mbili kuingiza umeme wa jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme huo unaweza kutoka nje ya nyumba, ukaingia kwenye transfoma kwa nyuma, na transfoma ikaupandisha kuwa maelfu ya volti. Fundi wa shirika aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa ndiye atakayekutana nao. Na umeme wa mtandao ukirudi ghafla, jenereta yako inaungua.

Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaua watu wakiwa usingizini. Jenereta ikae nje, si kwenye veranda iliyofungwa, si kwenye gereji hata kama mlango uko wazi. Angalau mita 6 kutoka madirishani na milangoni, moshi ukielekea upande usio na watu. Ijengee kipaa cha kuizuia mvua, kilicho wazi pande zote. Nyumba ya pampu yenye kuta nne na mlango, ambamo fundi huingia kuinama juu ya vali, si mahali pa jenereta hata kwa dakika 20 zile.

Ukishachagua, usilipe kabla ya kuijaribu na pampu yako mwenyewe, kwa waya wako mwenyewe. Muuzaji anayejiamini atakubali. Weka mita kwenye boksi la pampu: soma volti jenereta ikiwa haina mzigo, angalia inashuka hadi wapi pampu inapoanza, kisha isome ikiwa imetulia. Ikitulia chini ya asilimia 90 ya volti ya kibati, kuna kasoro ya ukubwa au ya waya. Pampu ikichukua zaidi ya sekunde mbili kushika mwendo, mimi sinunui. Rudia kuwasha baada ya dakika kadhaa, mota ikiwa na joto.

Ikishafika nyumbani, badilisha oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kwa ratiba ya kitabu chake, ambayo kwa nyingi ni kila saa 50 hadi 100. Petroli iliyokaa miezi huchakaa na kuacha gundi kwenye kabureta, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya jenereta ya dharura kukataa siku ya dharura. Iendeshe kila mwezi, na iendeshe ikijaza tangi, si ikinguruma bure. Ukimaliza, zima pampu, kisha funga koki ya petroli na iache injini ijizime yenyewe ikiwa haina mzigo, mpaka kabureta ibaki kavu.